Kamba wa maji baridi haji peke yake

Mhariri habari za kazi, mimi ni mfugaji wa sato na kambale huku Mtama, Lindi, naomba nafasi kidogo. Siku hizi kwenye magrupu ya wafugaji wa Lindi na Mtwara watu wanaulizia sana mbegu ya kamba wa maji baridi, yule mwenye magando kama kaa, sio kambamti wetu wa baharini, na wanaojibu wanaongelea bei tu, hakuna anayeuliza huyo kamba anakuja na nini mwilini.

Jamani Afrika bara haina kamba wa aina hii wa asili, wa asili wako Madagaska, huku kwingine wameletwa. Yule mwekundu wa Marekani aliingizwa ziwa Naivasha la Kenya mwaka 1970, yule wa Australia keshasambaa mto Kafue wa Zambia na ziwa Kariba lililo kati ya Zambia na Zimbabwe, na huko Afrika Kusini wataalamu wamemkuta bado ana minyoo yake bapa ya kwao Australia, imejishikiza kwenye gamba na mayai imeyagandisha hapohapo. Minyoo hiyo hainyonyi damu, inakula vijidudu vya majini, lakini ndo ujue kama yenyewe imefika salama basi na vingine vinafika.

Sisemi kila kinachomganda ni kibaya. Kamba wa Marekani wana vijidudu vinafanana na ruba wadogo, brankiobdela, vikiwa vya kiasi vinasafisha matamvua, yaani sehemu anayopumulia, na kamba anakua vizuri tu, vikizidi vinaanza kula matamvua yenyewe, na vinahama kwa kugusana sasa fikiria bwawa limejaa kamba wamebanana.

Kinachonitisha hasa ni ule ukungu wa majini, afanomisesi. Kamba wa Marekani anaubeba na anaonekana mzima kabisa, ila Ulaya tangu ulipoanza kule Italia karibu na 1859 umefuta kamba wa asili mto kwa mto, na unasafiri hata kwenye maji na nyavu mbichi. Halafu kuna mnyoo wa mapafu, Marekani jimbo la Missouri watu wameugua kwa kula kamba wa mtoni mbichi, kwa hiyo nyumbani mpikeni aive kweli.

Ombi langu kwa maafisa uvuvi wa mikoa yetu, mbegu yoyote ya kamba isishushwe bwawani kabla haijatengwa na kukaguliwa gamba na matamvua, na msisubiri mafuriko maana mabwawa yetu mengi yako jirani na Lukuledi, na wenzetu wa Mtwara wana Ruvuma ambao tunagawana na Msumbiji, kamba akishatoroka humo nani atamtoa? Na kama kuna mtu tayari anao, maji ya bwawa asiyafungulie mtoni, nyavu na ndoo azianike juani zikauke kabisa kabla ya kuazima mwenzake, na aende ofisi ya uvuvi ya wilaya aseme, asifiche.

Mfugaji, Mtama