Kwa swahiba wa Arua, kuhusu ruhusa za mfumo mpya

Ntinda, Kampala

Swahiba wangu,

Salamu nyingi kwako na kwa wote nyumbani. Sisi huku wazima, mvua tu ndiyo imetuandama.

Ujumbe wako nimeusoma. Kumbe SACCO yenu, chama chenu cha akiba na mikopo, imenunua programu ya utawala, ya kusimamia sera, vihatarishi na hoja za ukaguzi, waliowauzia wamewafundisha juu juu wakaondoka, na sasa wewe ndiye wa kupanga nani aone nini, nani aandike, nani aidhinishe. Tena meneja anataka kila mkuu wa kitengo apewe ruhusa zote, eti kazi isikwame.

Usikubali. Lakini usimwendee na lugha ya kompyuta, mwendee na manunuzi. Umefanya kazi ya manunuzi wilayani, Sheria ya PPDA ya 2003, ile ya manunuzi ya umma, unaijua kuliko mimi: idara inayohitaji kitu, kitengo cha manunuzi, kamati ya tathmini, kamati ya mikataba na afisa masuuli, kila mmoja ana mamlaka yake na hamwingilii mwenzake. Mfumo wenu unataka jambo hilohilo, ila kwa sera, vihatarishi na hoja za ukaguzi badala ya zabuni.

Kabla hujagusa ukurasa wa mipangilio, nenda kabatini. Toa majalada ya mambo yaliyokwisha, tuseme sera ya mikopo iliyobadilishwa, hoja ya ukaguzi iliyofungwa, na ile taarifa ya simu ya afisa mikopo iliyoibwa. Fuata sahihi moja baada ya nyingine. Utakuta nyingine hazimo kwenye mwongozo wowote, zimezoeleka tu. Kila mwenye sahihi muulize swali moja: ukikataa kusaini, inakuwaje? Akijibu kwamba jambo linarudi au linasimama, huyo ni mwidhinishaji. Akicheka akasema litaendelea tu, huyo ni wa kuarifiwa. Mpe taarifa, usimpe kitufe cha kuidhinisha. Kwa swali hilo tu utapunguza nusu ya hatua wanazokudai, na wala hutamkosea mtu heshima.

Ruhusa zipe kiti, si mtu. Usiandike jina la fulani, andika "afisa mikopo", kisha uongeze tawi: Koboko aone ya Koboko, Yumbe ya Yumbe. Mtu akihama unambadilishia kiti, basi. Utaratibu huu wa majukumu waliuandika David Ferraiolo na Richard Kuhn wa NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, mwaka 1992, na programu nyingi za aina hii zinaufuata. Na anayeacha kazi afungiwe akaunti siku hiyohiyo. Kuna ofisi niliyopitia ambako hoja za ukaguzi ziliendelea kupelekwa kwa bwana aliyekwisha kuondoka, zikalala huko hadi mkaguzi wa nje alipouliza.

Sasa sikiliza hapa, maana ndipo SACCO ndogo zinapoumia. Watu wenu ni wachache, na mmoja anashika viti viwili. Utakuwa umetenga mwandishi na mwidhinishaji vizuri kabisa kwenye orodha ya majukumu, halafu yuleyule akaandika asubuhi akiwa na kofia moja na kuidhinisha mchana akiwa na nyingine. Kwa hiyo kizuizi kiwekwe kwenye rekodi yenyewe: aliyeianzisha asiweze kuiidhinisha, hata awe na majukumu yote ya duniani. Mara nyingi mpangilio huo hauko kwenye ukurasa wa watumiaji, uko kwenye hatua za mtiririko wa kazi. Utafute, kisha fungua akaunti ya majaribio uhakikishe kweli inakataa.

Kaimu naye. Watu hawapeani neno la siri kwa ubaya; mwenyekiti yuko safarini, meneja yuko kwenye basi anakuja Kampala na mtandao umekatika mbele ya Pakwach, na jambo linatakiwa leo. Kama mfumo haujui kukaimisha, neno la siri litaandikwa kwenye kikaratasi. Weka ukaimu wenye tarehe ya kuanza na ya kwisha, na kumbukumbu ionyeshe kwamba huyu ameidhinisha kwa niaba ya yule. Hapo jaribu tena kile kizuizi: kaimu aliyeandika jambo mwenyewe asiweze kulipitisha kwa kiti cha bosi. Mfumo ukikubali, umeacha mlango wa nyuma wazi.

Halafu njia ya kurudi. Kila mtu huchora mishale ya kwenda mbele tu. Kamati ikikataa, rasimu irudi kwa nani? Sababu iwe lazima kuandikwa. Na ikirekebishwa, idhini za mwanzo zifutike zianze upya, la sivyo watu watakuwa wamepitisha maandishi ambayo hawakuyasoma. Muda ukipita, jambo lipande kwa mkubwa, lisijipitishe lenyewe. Nikikuta kitufe cha kujipitisha huwa nakizima kabla ya chai.

Taarifa za matukio zipe njia yake fupi. Mnashika namba za vitambulisho na simu za wanachama, na Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inataka data ikivuja mamlaka ijulishwe mara moja. Hatua nne za idhini hazifai hapo: msimamizi wa data na meneja waarifiwe kwa pamoja, na bodi ipate nakala. Usajili wenu kwenye Ofisi ya Ulinzi wa Data Binafsi nao uingize kama wajibu wa kuhuishwa kila mwaka, wenye mtu wa kuulizwa.

Na wewe mwenyewe, bwana msimamizi wa mfumo, usiidhinishe chochote. Anayeweza kubadili ruhusa ndiye wa kuogopwa kuliko wote jengoni, usinune. Mkaguzi wa ndani asome kila kitu, pamoja na kumbukumbu za mabadiliko yako, ila asiguse.

Habari ya nywila ndefu na namba ya uthibitisho kwenye simu unaijua, sitakuchosha.

Nitumie jedwali la viti na ruhusa kabla hujawafungulia watu wa Koboko. Excel ya kawaida inatosha. Zile sahihi utakazozikuta kabatini zipake rangi nyingine, tuzijadili kwa simu jioni ukitoka kazini. Wasalimie watoto, na mama yao mwambie zile karanga alizotuma zilifika.

Wako,
swahiba wa Ntinda