Ni joto, si mionzi

Mhariri,

Miaka mingi nasoma gazeti lako na kunyamaza, lakini ile habari ya "sindano ya mionzi inayoyeyusha uvimbe wa ini" imenishinda. Haina mionzi na haiyeyushi kitu. Ni umeme unaokwenda na kurudi takriban mara 480,000 kwa sekunde kwenye ncha ya sindano, mpaka nyama ya jirani inafika nyuzi 60. Hapo seli zinakufa, na nyama mfu inabaki mlemle. Watu wa Tanga waliouguza wagonjwa Ocean Road, hospitali ya saratani kule Dar es Salaam, wanajua mionzi ni nini. Mwandishi wako angewauliza tu.

Tena amesifu "moto mkali". Huo moto mkali ndio unaoharibu kazi! Ukivuka nyuzi 100 maji ya kwenye nyama yanachemka, masizi yanaganda kwenye ncha, ukinzani unapanda, umeme haupiti, na ukingo wa uvimbe unabaki hai. Ndiyo maana sindano nyingi huzungushiwa maji baridi kwa ndani. Mshipa wa damu wenye upana wa zaidi ya milimita 3 ukipita karibu, unalibeba joto na kwenda nalo. Uvimbe wa sentimita 3 unataka eneo la sentimita 4 liungue, nusu sentimita ya ziada kila upande. Na umeme lazima upate njia ya kurudi: pedi zinabandikwa mapajani, ngozi kavu, vinyweleo vimenyolewa, umbali sawa kutoka kwenye sindano. Kuna hospitali, siitaji, pedi ilishika nusu tu. Uvimbe ukafa, na paja likababuka. Hilo hamkuliandika.

Na hizi mashine za msaada! Zinakuja na sindano mbili, na kila moja ni ya mgonjwa mmoja. Ya tatu itatoka wapi? Nyingine ni za volti 110, haziendani na umeme wetu. Umeme wa hapa nao ukikatika dakika ya saba kati ya 12, picha ya ultrasaundi imeshajaa mapovu, daktari haoni alipoishia.

Pendekezo langu: siku ya uzinduzi wa mashine mgeni rasmi apitie soko la Mgandini, anunue kilo mbili za maini ya ng'ombe. Yalazwe juu ya pedi, yachomwe dakika 12, kisha yapasuliwe na sehemu iliyopauka ipimwe kwa rula. Ikifika sentimita 3, mpigeni picha. Isipofika, utepe urudi dukani.

Fundi wa vifaa tiba,
Ngamiani, Tanga