Mkipitisha kamera, simameni kooni kwanza

Mhariri,

Nakuandikia kutoka Molo, na hii barua nimetembea nayo kichwani tangu Januari kwa hivyo naomba unipe nafasi kidogo.

Mzee wangu ako na saratani ya umio, ile njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni. Kutoka ipatikane amepitishwa kamera ya mdomoni, ile ya kuangalia ndani, mara nne, na kila mara tunatoka nyumbani saa kumi usiku, yeye tumbo tupu hata maji hajaonja, anapulizwa ganzi kooni, anadungwa ya usingizi, kamera inaingia na kuteremka moja kwa moja kwa umio. Ripoti inaandika umio vizuri sana, uvimbe uko sentimita ngapi, tumbo liko aje. Koo? Hakuna hata mstari mmoja, na hiyo kamera imepitia hapo mara nne.

Mwaka jana mwishoni akaanza kulalamika kwamba sikio la kushoto linauma, hasa akimeza. Tulinunua dawa ya matone, tukarudi tukanunua ingine, mimi mwenyewe nikiona ni sikio tu. Mwishowe tukaenda kwa daktari wa masikio, pua na koo. Huyo hakumlaza. Alimweka kwa kiti, akampitishia puani kamera nyembamba kama waya wa chaja, na mimi nikiwa nimesimama hapo nyuma naangalia skrini. Mwanzo hakuna kitu unaona, ni nyama zimebanana na povu la mate. Akamwambia, "Mzee, inama kama unatafuta kitovu chako, geuza kichwa upande wa kulia, sasa ziba mdomo na pua upulize mashavu yajae." Mzee akapuliza. Ile nyama ikaachana kama mfuko mtupu wa unga ukitiwa hewa, na huko ndani upande wa kushoto kukatokea kidonda chekundu kimechakaa pembeni, kikubwa kama punje ya hindi. Mzee alipopumua koo likajifunga na kidonda kikapotea. Dakika moja tu, Mhariri. Kipande kilikatwa baadaye, majibu yakasema ni saratani, ya pili.

Nimeuliza na nimesoma sana tangu siku hiyo. Koo la chini, nyuma ya sanduku la sauti, huwa limejifunga lenyewe, na pembeni kuna vifuko viwili ambavyo ukipita tu huwezi ukaviona ndani. Halafu kuna hili la saratani kuja mbili, ambalo sisi watu wa nyumbani hatukuwahi kuambiwa: sigara na pombe zinachoma ngozi yote ya ndani kutoka mdomoni hadi umio, si mahali pamoja, kwa hivyo mwenye saratani ya umio anaweza kuwa na ingine kooni. Hili limeandikwa na madaktari Wamarekani tangu 1953. Na hiyo ya kupuliza ukiwa umejiziba inaitwa kwa jina la Valsalva, Mwitaliano aliyeieleza 1704 akishughulika na masikio. Haihitaji umeme wala tenda.

Wajapani wametengeneza hadi kifaa cha kuuma mdomoni kinachomwezesha mgonjwa kupuliza kamera ikiwa ndani, na wanatumia mwanga wa bluu na kijani unaofanya vimishipa vidogo vya damu vya saratani changa vionekane kama vidoa vya kahawia. Kwa umio kuna ayodini ya Lugol, dawa ya kupaka rangi, ambayo hospitali ya Tenwek kule Bomet wameitumia kupima watu, pazuri panageuka kahawia na pabaya panakataa rangi, lakini kooni huwezi kumwaga hiyo dawa ovyo, mgonjwa atapaliwa. Ndiyo maana kooni kuona vizuri kunategemea sana huyo anayeshika kamera na subira yake.

Ombi langu kwa wanaopima huku kwetu Nakuru, Kisumu, Eldoret na kwingine ni hili. Mtu wa saratani ya umio, mwangalieni koo kabla hamjampa dawa ya usingizi, kwa sababu akishalala hawezi kupuliza mkimwambia. Mfyonzeni mate taratibu. Mpeni simethikoni anywe mapema ivunje povu, ni ile ile wanayopewa watoto wachanga wenye gesi, si dawa ya kutafutwa Nairobi. Kama kamera yenu ni nene na mgonjwa anatapika-tapika, mwandikieni aende kwa daktari wa koo apitishiwe ya puani, na kwa ripoti muandike koo limeonekana au halikuonekana. Hata mkiandika halikuonekana, mtoto wake atajua pa kwenda.

Na nyinyi mlio na mgonjwa nyumbani, akilia sikio la upande mmoja akimeza, sauti ikianza kukwaruza, au shingo iote kinundu, msikae na matone kama mimi nilivyokaa nayo wiki saba.

Mzee anarudi kliniki Jumanne kuambiwa kama atachomwa mionzi tena au itakuwa upasuaji. Bado anaongea, ingawa sauti imeshuka, na bado ananiuliza ng'ombe wamekamuliwa lita ngapi.

Msomaji wako,
Molo, Kaunti ya Nakuru