Duka linaloahidi kukuletea bunduki mlangoni si duka

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwaandikie wasomaji wenzangu, hasa walioko huku Marekani, pamoja na jamaa zao walioko nyumbani ambao mara nyingi huombwa ushauri kwa simu, kuhusu utapeli wa bunduki zinazouzwa mtandaoni. Ninahudumia kaunta katika duka la silaha lenye leseni jimboni Texas, na kwa kuwa ni mimi ninayejua Kiswahili pale dukani, wateja wenye asili ya Kongo, Burundi, Kenya na Tanzania huelekezwa kwangu. Wengi hufika wakiwa wameshalipa fedha zao mahali pengine. Sikusudii kumshawishi mtu anunue bunduki, wala kumkataza. Hilo ni la kila mtu na nyumba yake. Ninachotaka kukisema ni kwamba ule usumbufu wa kupitia kwa muuzaji mwenye leseni, ambao wengi wetu huuona kuwa urasimu tu, ndio kinga kubwa kuliko zote aliyo nayo mnunuzi, na mtu anayejitolea kukuondolea usumbufu huo ndiye wa kumkimbia.

Watu wakisikia kwamba Marekani bunduki huuzwa kwenye intaneti hudhani ni kama kuagiza viatu: unalipa, unasubiri, mzigo unaletwa nyumbani. Zamani ilikuwa karibu hivyo. Mwezi Machi 1963 Lee Harvey Oswald aliagiza kwa posta, kwa jina la uongo, bunduki ya Kiitalia kutoka duka moja la Chicago kwa dola 19.95 na nauli yake, na Novemba mwaka huo Rais Kennedy akauawa kwa bunduki hiyo hiyo. Mabishano bungeni yalichukua miaka mitano. Mwaka 1968, baada ya kuuawa pia Martin Luther King na Robert Kennedy, ndipo ilipopitishwa Sheria ya Udhibiti wa Bunduki, ambayo pamoja na mengine ilipiga marufuku wauzaji kumtumia silaha kwa posta mtu wa jimbo jingine asiye na leseni.

Tangu hapo utaratibu ni huu. Ukinunua bunduki kwenye tovuti ya duka halali, duka hilo halikutumii wewe. Linamtumia muuzaji mwenye leseni aliye karibu nawe, uliyemchagua mwenyewe, na kabla ya kutuma linadai nakala ya leseni yake. Bunduki ikifika unakwenda kwa miguu yako, unaonyesha kitambulisho, unajaza fomu ya shirikisho namba 4473, kisha jina lako linapelekwa kwenye mfumo wa taifa wa ukaguzi wa rekodi unaosimamiwa na FBI, unaofanya kazi tangu Novemba 30, 1998. Mara nyingi jibu hurudi katika muda wa dakika chache. Mara nyingine husubiriwa siku kadhaa. Ukikubaliwa, unalipa ada ya huduma, ambayo katika maduka mengi ni kati ya dola 20 na 50, unachukua mali yako. Zipo bunduki chache zisizopita njia hii, kama vile magobore na silaha nyingine za kale zilizotengenezwa mwaka 1898 au kabla ya hapo, lakini sijapata kukutana na Mswahili anayezitafuta hizo.

Kwa hiyo tovuti inayokuambia kwamba bastola italetwa hadi kwako, bila leseni, bila fomu, bila maswali, imekwisha kujitambulisha. Haiwezi kuwa duka. Ama hakuna bastola na fedha zako zinaliwa, ama bastola ipo na wewe unaingizwa katika kosa la jinai.

Nieleze kisa kimoja ili mambo yaeleweke. Baba mmoja mzaliwa wa Uvira alikuja kuuliza kama bunduki yake ya kuwindia kulungu imefika. Tulitazama kwenye daftari, haikuwamo. Akanionyesha kwenye simu stakabadhi nzuri yenye nembo, namba ya oda na jina la duka letu kama mahali pa kupokelea. Nilimuuliza kama muuzaji aliwahi kuomba nakala ya leseni yetu, maana hakuna duka la kweli linalotuma bunduki bila kuwa nayo mkononi. Hakuelewa ninachosema, na kwetu hakuna aliyekuwa ameandika wala kupiga simu. Muuzaji naye alikuwa amemtumia picha ya leseni “yake”. Ilikuwa leseni ya kweli, ya duka dogo la jimbo jingine, ila leseni hizi hudumu miaka mitatu na tarehe ya mwisho ya hiyo ilikuwa imepita. Nikatafuta namba ya simu ya duka lile mahali pengine, si kwenye tovuti ile, nikapiga. Mama aliyepokea hakuniacha nimalize. Alisema wao hawana tovuti kabisa, na kwamba mimi si wa kwanza kumpigia juma lile.

Wakati tunazungumza, ujumbe mwingine uliingia kwenye simu ya yule baba: mzigo umezuiliwa njiani, zinahitajika dola 180 za bima, ambazo “zitarudishwa mara tu utakapopokea”. Alikuwa tayari kuzituma. Hapo ndipo wengi wanapoumia mara ya pili, kwa sababu mtu aliyekwisha kutoa mia nne huona afadhali kuongeza mia na themanini aziokoe zile za kwanza. Akikataa, tapeli hubadilisha sauti na kumtishia kwamba ameshtakiwa kwa kujaribu kununua silaha kinyume cha sheria, na kwamba FBI wako njiani. Kwa mhamiaji, tena mwenye watoto na kesi ya uraia inayoendelea, tishio hilo humnyima usingizi, ingawa ni porojo tupu.

Leseni ya kweli huweza kukaguliwa na mtu yeyote bila malipo. Idara ya shirikisho inayosimamia silaha, ambayo wote huiita ATF, ina ukurasa wa ukaguzi uitwao FFL eZ Check, ambamo unaandika tarakimu tatu za mwanzo na tano za mwisho za namba ya leseni, nao unakuletea jina la mwenye leseni na mahali pa biashara yake. Lakini usiishie hapo, kwani kisa cha baba wa Uvira kinaonyesha kwamba matapeli huiba leseni za watu halali. Namba ikishakubali, mtafute mwenye leseni kwa simu uliyoipata kwa njia nyingine, umuulize kama tovuti ile ni yake.

Bei nayo husema mengi. Bastola mpya ya Glock 19, ambayo madukani huuzwa zaidi ya dola 500, ukiikuta kwa 250 pamoja na usafirishaji wa bure, jiulize ni mfanyabiashara gani anayenunua kwa bei ya jumla kubwa kuliko hiyo halafu akuuzie wewe kwa hasara. Matapeli hupenda pia kutumia jina la duka maarufu lililofilisika, au kubadilisha herufi moja ya jina la duka linalojulikana, na picha zote wamezichukua kwingine. Hata kwenye minada halali kama GunBroker, iliyoanza mwaka 1999, hatari huanza pale muuzaji anapokuomba mmalizane pembeni, nje ya mnada, kwa WhatsApp.

Ila dalili ninayoiamini kuliko zote ni namna ya kulipa. Zelle, Cash App, Bitcoin, kadi za zawadi za madukani: fedha zikishatoka kwa njia hizi kuzirudisha ni kazi ngumu, na mara nyingi haiwezekani. Kadi ya mkopo ni jambo jingine. Sheria ya mwaka 1974 humpa mwenye kadi haki ya kupinga kwa maandishi malipo ya bidhaa ambayo haikumfikia, mradi aandike ndani ya siku 60 tangu atumiwe taarifa ya kwanza yenye malipo hayo. Wapo watu wetu wanaoogopa kadi ya mkopo kwa sababu ya madeni, na siwalaumu, lakini kwa ununuzi wa mbali ndiyo yenye mlinzi.

Kuhusu risasi lazima nitahadharishe zaidi, kwa sababu kipimo changu cha leseni hakifanyi kazi sawasawa huko. Sheria ya shirikisho huruhusu risasi kutumwa nyumbani kwa mnunuzi, isipokuwa katika majimbo machache yaliyoweka masharti yake, hivyo ahadi ya kuleta mlangoni peke yake si ushahidi wa utapeli. Mwaka 2020, wakati wa Korona, ukaguzi wa rekodi ulifikia karibu milioni 40 nchi nzima, rafu za risasi zikabaki tupu, na tovuti bandia zikachipuka kila upande zikitangaza kile ambacho hakuna duka lililokuwa nacho. Duka moja lisilojulikana likiwa na shehena wakati maduka yote yamekauka, hilo ndilo la kutilia shaka.

Kuna na tapeli ambaye mzigo wake hufika kweli. Huyu huuza kipande kidogo cha chuma au plastiki kinachoifanya bastola imimine risasi mfululizo, au kiwambo cha kuzima mlio wa bunduki kilichopewa jina la “kichujio” cha kusafishia. Bei ni ndogo, maelezo yana maneno ya kupotosha, na kifurushi hutoka ng'ambo. Mnunuzi hudhani kwamba kitu kisingeuzwa hadharani kama kingekuwa haramu. Chini ya sheria iliyoanzia mwaka 1934, kumiliki kifaa cha namna hiyo bila kukisajili kunaweza kumfunga mtu hadi miaka 10, na muuzaji aliye nchi ya mbali hatasimama naye kizimbani.

Nimefika kwenye jambo linalowahusu wahamiaji hasa, nalo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Mwenye ukaazi wa kudumu, yaani kadi ya kijani, anaruhusiwa kununua bunduki ikiwa hana zuio jingine. Mwanafunzi na mtalii, yaani walioingia kwa viza ya muda, hawaruhusiwi isipokuwa kwa misamaha michache, kama vile kuwa na leseni halali ya kuwinda. Asiye na hati halali za kuishi nchini haruhusiwi kabisa. Matapeli wanazijua sheria hizi kuliko sisi, na tangazo la “bila ukaguzi wa rekodi” limeandikwa kwa ajili ya watu hao hao: wale ambao hawawezi kupita kwenye ukaguzi, na ambao wakiibiwa hawatakwenda polisi kwa kuogopa kuulizwa walikuwa wanatafuta nini.

Wengine, wakiogopa mtandao, hurudi kwa ndugu. Mpwa mwenye viza ya masomo humwomba mjomba mwenye uraia amnunulie kwa jina lake, naye mjomba, kwa vile kwetu kumkatalia mtoto wa dada ni aibu, hukubali. Fomu 4473 humuuliza mapema kabisa kama yeye ndiye mnunuzi halisi. Akijibu ndiyo huku fedha ni za mpwa na bunduki ni ya mpwa, amedanganya serikali ya shirikisho kwa saini yake, na tangu sheria ya mwaka 2022 kumnunulia mtu aliyekatazwa kunaweza kumpeleka jela hadi miaka 15. Kumpa zawadi ya kweli mtu asiyekatazwa ni halali. Kuazimana majina si zawadi. Nimewahi kukataa kumuuzia mzee mmoja niliyemsikia, kwa Kiswahili, akimuuliza kijana aliyesimama naye anataka rangi gani. Walitoka wameudhika, na hadi leo hanisalimii.

Kwa jamaa walioko nyumbani nitasema kwa ufupi. Anayekuandikia kwenye Facebook au Telegram kwamba atakutumia bastola Nairobi au Dar es Salaam ndani ya kifurushi cha kawaida anakulenga mfukoni tu. Kenya silaha zinatawaliwa na Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na Bodi ya Leseni za Silaha. Tanzania ni sheria ya mwaka 2015 ya udhibiti wa silaha na risasi. Pande zote mbili kibali hutangulia silaha. Wala ndugu aliye Marekani asithubutu kutia bunduki kwenye kontena la nguo na vyombo bila kibali cha kuisafirisha nje na cha kuiingiza nchini.

Aliyekwisha kulizwa apige simu benki siku hiyo hiyo, asifute ujumbe wala stakabadhi, na atoe taarifa kwa Tume ya Biashara ya Shirikisho, FTC, na kwa kitengo cha FBI cha uhalifu wa mtandaoni kiitwacho IC3. Taarifa zote hutolewa kwenye tovuti zao. Akijitokeza mtu kumwambia kwamba atamrudishia fedha zake kwa malipo kidogo ya awali, ajue ni genge lile lile au binamu yake.

Nawe Mhariri, nakuomba uwakumbushe wasomaji kwamba duka lenye leseni lililo karibu nao linaweza kuwaangalizia anwani ya tovuti kabla hawajalipa chochote. Sisi huifanya kazi hiyo bila malipo, hata kwa mtu ambaye hatanunua kwetu. Waje na picha ya leseni waliyotumiwa na namba ya simu ya muuzaji, na waje kabla ya kutuma fedha.

Wako katika ujenzi wa jamii,

Msomaji, Texas, Marekani
(Jina na anwani vimehifadhiwa na mhariri)