Barua kwa shoga yangu wa Likoni, tukingoja tarehe 5

Nairobi, 24 Agosti 2022

Shoga yangu,

Salamu nyingi kwako na kwa wote hapo nyumbani. Barua yako imefika. Unasema usingizi umekuwa wa mang'amung'amu tangu matokeo ya urais yatangazwe tarehe 15, Ruto akitajwa mshindi dhidi ya Raila, kwamba jirani yako wa ukuta mmoja bado hajawarudisha watoto wake kutoka bara, na kwamba kundi la WhatsApp la mtaa limekuwa uwanja wa matusi, kila upande ukija na aya zake. Hilo la aya ndilo lililonikaa kooni, kwa hiyo nianze nalo.

Mtu akisema "Mungu ameshaamua", huenda anamshukuru tu Mola wake, na hakuna wa kumkataza. Lakini likishatoka kwenye dua likaingia kwenye mabishano, neno hilo hufanya kazi nyingine kabisa. Aliyekwenda mahakamani haonekani tena kuwa mlalamikaji, anaonekana mtu anayebishana na Mungu. Wa upande wa pili naye akijibu "Mungu atawaumbua wezi wa kura", ameshatoa hukumu kabla majaji hawajafungua hata faili moja. Wote wawili wamechukua jambo la karatasi na hesabu wakalipandisha mimbarini, mahali ambapo haliwezi kukaguliwa. Kwangu mimi, hapo ndipo uvumilivu huanza kuvunjika, siku nyingi kabla ya jiwe la kwanza kurushwa.

Basi turudi kwenye karatasi. Katiba, Ibara ya 140, inampa mtu nafasi ya kupinga uchaguzi wa rais mbele ya Mahakama ya Juu ndani ya siku 7 tangu kutangazwa. Kesi ya Raila imewasilishwa juzi Jumatatu tarehe 22, siku ya saba yenyewe. Mahakama nayo ina siku 14 tu, ndiyo maana sote tunaitazama tarehe 5 Septemba. Ikithibitisha matokeo, kuapishwa kutakuwa Jumanne tarehe 13. Ikiyafuta, uchaguzi mpya lazima ufanyike ndani ya siku 60. Anayekwambia mahakama ni maonyesho tu, mkumbushe kwamba Machi 2013 majaji walikataa kesi, na tarehe 1 Septemba 2017 wakafuta ushindi wa rais aliyekuwa madarakani. Njia zote mbili zimewahi kutokea, na nchi ilizipita.

Ile hoja ya "asilimia 100.01" unayosema imewagonganisha watu kundini, mbona ni nyepesi? Makamishna wanne wa Tume ya Uchaguzi waliojitenga na matokeo walisema tarehe 16 kwamba ukijumlisha asilimia za wagombea unapata 100.01, na kwamba hiyo 0.01 ni kama kura 142,000. Chukua kikokotoo. Kura halali zilizotangazwa ni 7,176,141 za Ruto, 6,942,930 za Raila, 61,969 za Wajackoyah na 31,987 za Mwaure. Jumla ni 14,213,027. Asilimia moja ya hizo ndiyo kama 142,000. Sehemu moja ya mia ya asilimia ni kura 1,421 tu, na hata hizo hazipo popote. Zimezaliwa na kukadiria desimali: 50.49, 48.85, 0.44 na 0.23, kila moja imesogezwa kidogo juu, na zikikutana huzidi mia kwa unywele. Haina maana kwamba malalamiko mengine ya makamishna hao ni ya bure. Wakisema hawakushirikishwa katika hatua za mwisho, hilo ni la mahakama kupima. Ila hesabu hii imekosewa, na aliyempigia Raila ana haki ya kulisema hilo bila kuitwa msaliti, sawasawa na aliyempigia Ruto kusema kwamba Tume ina maswali ya kujibu.

Sasa picha za fomu. Kila kituo hakizidi wapiga kura 700. Kura huhesabiwa pale pale, msimamizi akajaza Fomu 34A, ile ya matokeo ya rais, mawakala wa vyama wakatia saini na kupewa nakala, nyingine ikabandikwa mlangoni, na picha ikatumwa kwa mtambo hadi kwenye tovuti ya Tume. Vituo ni 46,229, na safari hii fomu ziko wazi kwa yeyote mwenye bando. Kwa hiyo picha ikitupwa kundini kwa kelele za "wameiba!", usianze na kubishana. Soma juu ya fomu: kaunti, eneo bunge, wadi, jina la kituo na namba yake. Kama sehemu hiyo imekatwa, jua hapo hapo kuna walakini, kwani aliyekata alikuwa na sababu. Kama ipo, fungua tovuti utafute kituo hicho hicho, uweke picha mbili bega kwa bega. Tazama na mwaka, maana fomu za 2017 bado zinazunguka na majina ya wagombea huwasaliti wanaozisambaza.

Halafu ujumlishe. Kura za wagombea wanne zilingane na kura halali zilizoandikwa, na kura halali pamoja na zilizokataliwa zisizidi waliosajiliwa kituoni. Zikikosa kulingana, usikimbilie neno wizi. Msimamizi wa kituo hujaza fomu usiku wa manane baada ya kukesha. 3 huonekana 8, sifuri huruka mstari. Makosa ya uchovu huangukia kila upande, leo limempunguzia huyu, kituo cha pili limempunguzia yule. Yakiwa yanaegemea upande mmoja kituo baada ya kituo, hapo ndipo pa kupeleka kwa wakala wa chama au wakili. Na saini ya wakala ikikosekana, hilo peke yake haliifanyi fomu kuwa batili, kanuni zinasema wazi. Nakueleza kwa sababu nimeona ugomvi wa mitandaoni wa siku tatu umejengwa juu ya saini moja tu.

Jambo moja zaidi kuhusu kundi: usiisambaze tena picha ya uongo hata ukiwa unaikanusha. Watu huona picha, maneno yako ya chini hawayasomi, na kesho yake itafika kundi la pili bila hayo maneno. Andika tu kwamba fomu ya kituo fulani iko hivi kwenye tovuti, uweke ile halisi. Na msimamizi wa kundi anaweza kulifunga kwa muda, wasimamizi tu ndio waandike, kuanzia usiku wa tarehe 4 hadi tarehe 6. Watanuna, lakini watakuwa wamelala.

Umeniuliza pia kama umwendee imamu, au utaonekana unajipa cheo. Mwendee, lakini usimwendee na ombi la "tuhubiri amani". Amani imehubiriwa sana nchi hii, na mara nyingi imetumika kama kifuniko: mwenye lalamiko la haki anaambiwa anyamaze asije akavuruga amani, naye hujifunza kwamba amani ni mali ya aliyeshinda. Mwombe mambo yanayoshikika. Dua ya Ijumaa iwaombee majaji bila kudokeza hukumu inayotakiwa. Mwanasiasa akija msikitini aswali kama waumini wengine, asipewe kipaza sauti, awe wa upande wowote. Na neno "wao" lisitumike mimbarini bila kusemwa ni akina nani, kwa kuwa kila msikilizaji hujaza mwenyewe.

Hilo la kipaza sauti si geni. Septemba 2021 kule Butere, Askofu Mkuu wa Kianglikana Jackson Ole Sapit aliwanyima wanasiasa nafasi ya kuhutubia kwenye ibada ya kumweka wakfu askofu, hali wakubwa wa siasa wameketi mbele yake. Baadhi ya makanisa yalifuata, mengine yaliendelea kupokea bahasha za harambee na kumpa mwenye bahasha mimbari. Bahasha ndiyo shida yenyewe. Kiongozi wa dini aliyekwisha kupokea hawezi kuwa msuluhishi, hata akiwa mtu mwema, sababu waumini wa upande wa pili walihesabu zile noti alipokuwa anazipokea.

Sasa jirani yako. Nadhani unaikosea hofu yake kidogo. Unaogopa kwamba anaogopa Uislamu wako. Mimi nadhani anaogopa neno moja: wabara, yaani watu kama yeye waliotoka nje ya pwani. Agosti 1997 hapo hapo Likoni kituo cha polisi kilivamiwa, vikaratasi vikatawanywa vya kuwataka watu wa bara waondoke, zaidi ya watu 100 wakauawa na maelfu wakajazana kwenye kanisa katoliki la Likoni. Hiyo ilikuwa miezi michache kabla ya uchaguzi. Kilichowashwa pale kilikuwa kilio cha ardhi na kazi, kilio cha kweli, kikashikwa na watu wenye haja zao za kura. Ukitaka kuona kwamba dini siyo chanzo, tazama upande mwingine: Kiambaa, karibu na Eldoret, tarehe 1 Januari 2008, kanisa lilichomwa pamoja na watu waliokimbilia ndani yake, katika eneo ambalo karibu kila mtu ni Mkristo. Tume ya Waki, iliyochunguza ghasia zile za baada ya uchaguzi, ilihesabu vifo 1,133. Kusali pamoja hakukuwaokoa, kwa hiyo usidhani kusali tofauti ndiko kutakakowaangamiza ninyi.

Kwa hiyo usimpelekee jirani maneno ya uvumilivu wa dini. Mpelekee mambo ya ukuta mmoja. Mpe namba ya simu ya ndugu yako mmoja aliye karibu, nawe uchukue yake. Mkubaliane kwamba ikisikika kelele usiku, nani anampigia nani kwanza, na mlango upi unafunguka. Mwambie waziwazi kwamba akiamua watoto wakae bara hadi baada ya tarehe 5 hutachukia. Watu wengi huona kuhamisha watoto ni tusi kwa majirani. Si tusi. Mzazi anayekumbuka 1997 anafanya hesabu yake, na kumlaumu kunamfanya aondoke bila kuaga. Mkifanikiwa, fanyeni nyumba nne au tano. Kamati kubwa ya mtaa ina heshima yake, ila huitwa kwenye vikao vya chifu na kamera. Saa nane za usiku anayekufaa ni wa ukuta wa pili.

Maneno ya kuchunga unayajua: madoadoa, kwekwe, mende, "warudi kwao". Dalili yake ni kwamba binadamu anaitwa kitu cha kusafishwa au kung'olewa. Utani wa kawaida, hata mkali, uache upite. Watani wakinyimwa utani wataanza kunong'ona. Lakini maneno ya aina ile piga picha ya skrini mara moja, ionyeshe namba ya aliyeandika, tarehe na saa, kabla hajafuta. "Alisema" bila ushahidi haifiki popote. Sheria ya Utangamano ya 2008 inaadhibu kuchochea chuki ya kikabila kwa faini isiyozidi shilingi milioni moja au kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote viwili. Na Katiba, Ibara ya 33, haimpi mtu uhuru wa kueneza chuki, iwe ya kabila au ya dini. Kabla ya kushtaki, ikiwa ni kijana wa mtaani mnayemjua, mpeleke kwanza kwa mtu anayemstahi. Mara nyingi anafuta na kunyamaza, nawe unabaki na picha yako.

Halafu msisahau kwamba ninyi Mombasa hamjamaliza. Karatasi za kura za gavana zilikuwa na makosa ya picha na maelezo ya wagombea, nanyi pamoja na Kakamega mnapiga kura Jumatatu tarehe 29, katikati ya siku za kesi. Kuna hatari mbili hapo. Moja ni watu kuchoka na kubaki nyumbani, halafu wakalalamikia gavana waliyechaguliwa na wengine. Ya pili ni hasira ya Nairobi kushushwa kwenye foleni za Likoni, wagombea wa gavana wakigeuzwa vivuli vya wale wawili wakubwa. Nenda mapema, nenda na jirani yako kama kituo ni kimoja, na jioni kura zikishahesabiwa pita mlangoni upige picha ya fomu iliyobandikwa, nzima, pembe zote nne zionekane. Hiyo ya gavana ni 37A, siyo 34A. Ukiwa nayo mkononi, Jumanne asubuhi hakuna atakayekuletea yake iliyokatwa juu.

Nitumie nakala ya hiyo picha. Na unieleze imamu alijibu nini kuhusu kipaza sauti.

Wako akupendaye,
Shoga yako wa Nairobi