Risala ya wazazi na watoto waliohitimu kozi ya usalama wa uwindaji, Lexington, Kentucky

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Wakufunzi wetu,
Wazee wetu, wazazi wenzetu na watoto wetu wapendwa,

Kwa niaba ya familia zote zilizomaliza kozi hii, tunakushukuru kwa kuacha shughuli zako ukaja kukaa nasi. Karibu sana.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, sheria ya Kentucky inamtaka kila mwindaji aliyezaliwa tarehe 1 Januari 1975 au baada ya hapo, akishatimiza miaka 12, awe na kadi ya kozi hii pamoja na leseni. Kwa hiyo wazazi wengi tuliomo humu sheria inatugusa sawa na watoto wetu. Ila iko sababu nzito kuliko kadi. Kijana wa chini ya miaka 16 anapowinda kulungu kwa bunduki, mtu mzima lazima awe karibu naye kiasi cha kuweza kuidhibiti bunduki hiyo papo hapo. Mzazi asiyejua kufungua chemba, yaani tundu linamokaa risasi, ya bunduki ya mwanawe ataidhibitije? Atabaki kupiga kelele, na kelele humshtua mtoto ambaye kidole chake kiko kwenye triga. Ndiyo maana tumeketi darasa moja, mzazi na mtoto.

Kanuni nne watoto wanazo kichwani: kila bunduki ihesabiwe ina risasi, mtutu usielekezwe pasipo salama, kidole kikae nje ya triga mpaka wakati wa kupiga, na uhakikishe unachokipiga pamoja na kilicho nyuma yake. Hii ya nne ndiyo husahaulika, kwa sababu macho hushikwa na mnyama. Risasi ndogo ya .22, ambayo wengi huiona kama ya kuchezea, inaweza kwenda zaidi ya maili moja. Na anayetumia darubini ya bunduki kutazama kitu asichokijua, tayari ameshamwelekezea mtutu mtu anayeokota kuni. Kutambua ni kazi ya darubini ya mkononi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mezani mbele yako tumeweka maganda mawili matupu ya risasi za marisaa, zile zenye punje nyingi ndani. Jekundu ni geji 12, la njano ni geji 20; geji ni kipimo cha upana wa mtutu. Tafadhali yashike. Utaona la 20 ndilo jembamba, ingawa namba yake ni kubwa. Geji ilihesabiwa zamani kwa vitufe vya madini ya risasi vyenye upana wa mtutu: vikitimia 12 kwa ratili moja, mtutu huo ni geji 12, vikihitajika 20, basi kila kimoja ni kidogo na mtutu ni mwembamba. Sasa hatari iko hapa. Mtoto akitumbukiza la njano kwenye bunduki ya geji 12, halikai kwenye chemba. Linateleza mbele na kukwama ndani ya mtutu. Akichungulia chemba anaiona tupu, anadhani hajapakia, anaweka jekundu nyuma yake na kuvuta triga. Mtutu hupasuka, tena karibu na mkono wa kushoto unaoushikilia. Kwa ajili hiyo viwanda vya Marekani vimeiachia geji 20 rangi ya njano. Kanuni tuliyokubaliana majumbani ni kwamba rangi hizi mbili haziingii mfuko mmoja, hata kwa dakika moja.

Tope au theluji kwenye mdomo wa mtutu huleta balaa lilelile. Ukivuta triga na risasi isilie, mtutu ubaki umeelekea salama kwa sekunde 30 kabla ya kufungua. Ikilia kwa sauti hafifu, simama, pakua na ukague mtutu kuanzia upande wa chemba, maana huenda risasi imekwama humo.

Uzio nao una utaratibu wake. Mkiwa wawili, nyote mnapakua risasi na kuacha chemba wazi. Mmoja anashika bunduki zote mbili, mwenzake anavuka karibu na nguzo, kisha anapokezwa moja baada ya nyingine. Ukiwa peke yako, ipitishe bunduki tupu chini ya uzio, mtutu ukitazama mbali na unapovukia, halafu uichukue kwa kitako. Usiivute kwa mtutu.

Wengi hudhani hatari ya porini ni risasi peke yake. Kuanguka kutoka kwenye dungu la juu ya mti ni miongoni mwa sababu kubwa za wawindaji wa Marekani kuumia vibaya. Mkanda uwe wa mwili mzima, na uunganishwe na mti tangu miguu ikiwa bado ardhini mpaka itakaporudi ardhini. Mkanda wa kiuno tu humkaba anayening'inia. Hata katika mkanda mzuri, aliyening'inia bila kusogeza miguu damu humtuama miguuni na anaweza kuzimia. Inampasa ausukume mti kwa nyayo huku akisubiri msaada. Bunduki haipandi na mtu. Inavutwa kwa kamba, tupu, mtutu ukiwa chini.

Kwa upande wa mtoto, kitako kikiwekwa kwenye kiwiko kilichokunjwa, kidole cha shahada kiifikie triga bila kujinyoosha. Kisipofika, bunduki ni ndefu kwake. Itamkwepa begani na kumpiga shavuni, naye ataanza kufumba macho kabla ya kupiga. Msimu wa kulungu, rangi ya machungwa ivaliwe kichwani, kifuani na mgongoni. Koti la machungwa lililofunikwa na begi jeusi halisaidii.

Changamoto yetu kubwa ni lugha, Mheshimiwa. Kiingereza hutumia neno moja, "safety", kwa usalama na kwa kile kitufe cha kuzuia triga, na mzazi anayesikia nusunusu huondoka akiamini kitufe ndicho usalama wenyewe. Kitufe ni chuma. Huchakaa na huingia mchanga. Na mtoto anapogeuzwa mkalimani wa baba yake, asichokielewa anakiruka, na somo lake mwenyewe linampita.

Tunaomba mambo matatu: mkalimani mtu mzima kwenye darasa la ana kwa ana, orodha ya maneno ya kozi kwa Kiswahili, na mikanda ya dungu ya kuazima yenye uzito wa watoto kwenye lebo yake, kwani ya watu wazima huwapwaya. Bunduki ndefu na risasi hutozwa kodi ya asilimia 11, fedha hiyo hugawiwa kwa sheria ya mwaka 1937, na sehemu yake husaidia kozi hizi. Kila Mswahili anunuapo boksi la risasi amekwisha kuchangia.

Watoto wamejipanga mbele yako, kila mmoja na mzazi wake nyuma. Tunakuomba utukabidhi kadi zetu, ukianza na wao.

Ahsante sana, na karibu.