Ule sio uvimbe, ni nundu

Mhariri, naomba nafasi kidogo. Ile picha ya pomboo mliyotoa juzi mkaandika chini eti mgonjwa ana uvimbe mgongoni, jamani yule sio mgonjwa, kaumbwa hivyo hivyo. Ni pomboo wa nundu, na huku kusini Unguja, Kizimkazi na ghuba yote ya Menai, wapo, ila wanaishi bahari moja na wale wanaofuatwa na maboti ya watalii kila asubuhi ndo maana watu wanawachanganya.

Kumjua wala sio kazi, angalia mgongo. Umeinuka kama wa ng'ombe wa kienyeji na kipezi kidogo kimekaa juu ya hiyo nundu, lakini mtoto nundu yake inakuwa haijatokeza vizuri, kwa hiyo ukimwona mdogo mwangalie na mama yake. Akija kupumua anatanguliza mdomo, mrefu mwembamba, ndo baadae anakunja mgongo na kuzama. Yule mwingine wa watalii, kitaalamu Tursiops aduncus, pezi lake limesimama na limepinda kwa nyuma, nundu hana, na akishakuwa mkubwa anatoa madoadoa tumboni. Wale wanaoruka wakijizungusha hewani (wanaopendwa kwenye video) ni aina ya tatu hao.

Wale wa pinki wa China ni ndugu zake, zamani wataalamu wengi waliwaweka kundi moja mpaka 2014 ndo wakatenganishwa, huyu wa kwetu wa kijivu akabaki na jina la Sousa plumbea.

Sasa msione nabishana bure. IUCN, lile shirika la kimataifa la uhifadhi, ilishamweka kwenye orodha ya walio hatarini kutoweka, na shida yake kubwa ni kwamba anapenda maji mafupi karibu na pwani, hukohuko jarife, ule wavu mkubwa wa kutega, linakotegwa, akinasa hawezi kupanda juu kuvuta hewa anakufa, na jike anazaa mtoto mmoja tu kwa mara. Kizimkazi waliacha kuwavua pomboo kwa ajili ya chambo cha papa miaka ya 90, watalii wakaanza kuleta hela, lakini nyavu hazichagui. Aliyenasa akiandikwa "pomboo" basi, nani atajua wa nundu wangapi wameisha? Wavuvi wampige picha ubavuni pezi lionekane, mikato ya pezi ndo inamtambulisha mmoja mmoja.

Na nyie toleo lijalo rekebisheni yale maelezo ya picha, mkipata nyingine mpigieni hata nahodha mmoja wa Kizimkazi kabla hamjamtangazia mtu ugonjwa.

Msomaji wenu, Unguja